Ustadh Hamam na Binti wa Pasha



Usiku mmoja katika mwezi wa Rajab nilikuwa narejea nyumbani baada ya sala ya Isha, na kabla sijapiga hodi nikasikia kicheko kikubwa kinatoka ndani. Aliyekuwa akicheka ni mama yangu, ambaye umri wake umepindukia miaka 80, pamoja na binti yangu wa mwisho, mwenye miaka 19. Nilifurahi, kwani mama alikuwa ameugua muda mrefu, na siku nyingi zilikuwa zimepita hatujamsikia akicheka namna ile. Lakini nilipoingia nikaona kwamba aliyekuwa akiwachekesha ni mwalimu.

Televisheni ilikuwa imewashwa, na ndani yake palikuwa na mtu wa makamo, amevaa suti iliyochakaa na tarbushi kichwani, anasomesha lugha ya Kiarabu katika darasa la wanafunzi wasiomjali. Binti yangu aliponiona aliinuka upesi kutaka kuizima. Mama akamshika mkono, akamwambia, "Mwache baba'ko naye atazame. Huyo ni mwenzake."

Neno lile lilinichoma kidogo, na ni wajibu niseme kwa nini. Mimi ni mwalimu wa chuo, na kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka 30. Kwa muda wa mwezi mzima kabla ya usiku huo binti yangu alikuwa akiniomba jambo moja, nami nikimkatalia. Alitaka aingie chuoni pamoja nami asomeshe watoto wadogo. Nilimwambia atafute kazi ya ofisini, kwani ualimu wa chuo hauvishi wala haulishi, na mimi sipendi mwanangu arithi viatu vyangu vilivyotoboka. Basi nilipoona mwalimu mwenye suti mbovu anachekwa na mama yangu na binti yangu, nilijisemea moyoni: haya ndiyo niliyokuwa nikiyasema.

Nikaketi. Nia yangu ya kwanza, nakiri mbele yenu, ilikuwa kutazama kidogo ili nipate hoja ya kuukataza mchezo ule nyumbani mwangu. Nilitazama hata mwisho.

Mchezo wenyewe huitwa Ghazal al-Banat. Ulitengenezwa Misri, ukaanza kuonyeshwa mwaka 1949, nao ni wa picha nyeusi na nyeupe. Aliyeuongoza ni Anwar Wagdi, ambaye pia anaonekana ndani yake kwa sura ya rubani wa ndege. Mwimbaji wake ni Layla Murad, mmoja katika waimbaji waliopendwa mno na watu wa Misri na wa nchi nyingi za Waarabu katika zama zile, na wakati ule alikuwa mke wa huyo Anwar Wagdi. Na anayecheza kuwa mwalimu ni Naguib al-Rihani, bingwa wa vichekesho vya jukwaani. Mtoto wa dada yangu anayeishi Maskati ndiye aliyetuletea, ili kumliwaza bibi yake katika ugonjwa.

Jina la mchezo lilitutia katika mabishano kabla ya jambo lingine lolote. Waarabu, kama mjuavyo, huandika bila ya kutia irabu, basi neno lile laweza kusomwa ghazal, kwa fatha juu ya zay, na maana yake ni maneno ya mapenzi. Au laweza kusomwa ghazl, kwa sukun juu ya zay, na maana yake ni kusokota uzi. Na Wamisri huita "ghazl al-banat" ile sukari isokotwayo ikawa nyepesi kama pamba, inayouzwa kwa watoto. Binti yangu alishika fatha, mimi nikashika sukun. Mama yangu, ambaye hakusoma sarufi, akatwambia kwamba yote mawili ni matamu na yote mawili huyeyuka upesi, basi tunyamaze tutazame.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu vijana wakastaajabu kuwa kikongwe wa Unguja afurahie mchezo wa Misri. Wazee hawatastaajabu. Masikio ya watu wa pwani yetu yana udugu wa zamani na muziki wa Misri. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alimpeleka mtu wake Misri akajifunze muziki, na kutokana na hapo taarabu ikapata mizizi katika nchi. Chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mjini Unguja mwaka 1905, kiliimba kwanza kwa Kiarabu. Baadaye zikaja sahani za santuri, kisha redio ya Kairo, kisha sinema. Mama yangu husimulia kwamba katika mwaka 1958, alipokuwa kigori, yeye na shangazi zake walikuwa wakijitanda mabuibui yao na kwenda Majestic, kule Vuga, siku ya onyesho la wanawake watupu. Walikuwa wakirudi wakiimba nyimbo ambazo hawakujua maana ya nusu ya maneno yake.

Sasa nisimulie kisa, kwa ufupi.

Mwalimu yule jina lake ni Ustadh Hamam. Hamam kwa Kiarabu ni njiwa, na hakika ana upole wa njiwa na umaskini wake. Anafukuzwa katika skuli anayosomesha, na hajui atakwenda wapi. Rafiki yake, aliye mtumishi katika jumba la Pasha mmoja tajiri, anamtafutia kazi ya kumsomesha binti wa Pasha huyo. Binti anaitwa Layla, kama jina la mwimbaji mwenyewe, na ameanguka mtihani wa lugha ya Kiarabu. Ana sauti ya ajabu, ana farasi, ana watumishi, ana kila kitu isipokuwa hamu ya kusoma.

Ustadh Hamam anaingia katika jumba lile kama mtu aliyetupwa katika nchi ya kigeni. Anamwona mtu amevaa nguo nzuri kupita kiasi, naye anamdhania kuwa mkubwa wa nyumba, anampa heshima zote. Anapouliza, anaambiwa kwamba mtu yule kazi yake ni kumtunza mbwa. Anauliza mshahara wake. Anaambiwa. Basi uso wa Ustadh Hamam katika dakika ile ni jambo la kutazamwa, kwani mtunza mbwa anapata zaidi ya mwalimu wa lugha ya Kiarabu, tena zaidi kwa mbali. Kisha anakutana bustanini na mtu aliyevaa nguo za kawaida, anamdhania kuwa mtunza maua, anamjibu kwa ukali. Naye kumbe ndiye Pasha.

Hapo mama na binti yangu walicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka pia, lakini kicheko changu kilikuwa na mwiba ndani yake. Nina mzazi mmoja, sitamtaja wala sitataja mtaa wake, ambaye watoto wake watatu wanasoma kwangu. Siku moja alinifuata nje ya msikiti akaniomba nimpunguzie ada, akisema mambo ni mazito. Wakati akinena hayo palikuwa na kijana anaosha motokaa yake kando ya njia. Alipomaliza, mzazi yule akatoa noti akampa. Nikahesabu kwa macho, na Mwenyezi Mungu anisamehe, nikaona kwamba kuosha motokaa mara moja kumepita ada ya watoto watatu kwa mwezi. Sikusema neno. Nilimpunguzia. Sasa nilipomwona Ustadh Hamam ameduwaa mbele ya mtunza mbwa, nilihisi kwamba mtu fulani huko Misri, miaka mingi kabla ya siku ile, aliniona nimesimama nje ya msikiti wangu.

Na huu ndio ustadi wa Naguib al-Rihani. Hatumcheki Ustadh Hamam kwa kuwa mjinga. Tunaucheka ulimwengu uliompangia mbwa daraja ya juu kuliko herufi. Al-Rihani alizaliwa Kairo mwaka 1889, babake akiwa mtu wa asili ya Mosul katika Iraki. Kabla hajawa bingwa alifanya kazi ya ukarani, basi alijua kwa nafsi yake maana ya kuhesabu siku zilizobakia mpaka mshahara. Alipata sifa kwanza kwa kuigiza umda wa kijijini aliyeitwa Kish Kish Bey, anayekuja mjini akaporwa fedha zake. Kisha yeye na rafiki yake Badie Khairy waliandika michezo mingi ya watu wadogo waliobanwa na maisha, makarani na walimu na matarishi. Yeye alikuwa Mkristo, na mchezo huu umejaa watu wa dini mbalimbali. Lakini kila mwalimu wa Kiislamu aliyewahi kupiga pasi koti moja usiku ili alivae tena asubuhi atamjua mara moja.

Masomo yanaanza. Na katika masomo hayo pana wimbo mmoja ulionifanya nisogeze kiti mbele. Unaitwa Abgad Hawwaz, nao ni kwa jina la zile herufi tunazozijua sisi sote tuliosoma chuoni: abjad, hawwaz, na zile zinazofuata. Wamisri hutamka jim kama ga, ndiyo maana wao husema abgad. Sisi watoto wa zamani tulifundishwa herufi hizi pamoja na hesabu zake. Alifu ni 1, be ni 2, jim ni 3, dal ni 4, mpaka ya ambayo ni 10, kisha kaf 20, lam 30, mim 40 na nun 50, na kuendelea. Kwa hesabu hiyo wazee wetu waliweza kuficha mwaka ndani ya neno. Katika mchezo herufi hizo zimetiwa sauti na Mohamed Abdel Wahab, aliyetunga muziki wa nyimbo za mchezo huu, na Layla Murad anaziimba kwa wepesi kama mtoto arukaye kamba. Mwanafunzi aliyeikimbia kalamu anaimba herufi, na mwalimu aliyezoea kukemea anaanza kutabasamu.

Hapo ndipo nilipoliona jambo jingine, lakini halikuwa katika televisheni. Mama yangu hajui Kiarabu. Kwa muda wote huo binti yangu alikuwa akimfasiria neno baada ya neno. Panapo mzaha wa lugha alisimamisha picha, akaueleza kwa mfano wa Kiswahili, kisha akairudisha nyuma ili bibi yake acheke mahali pake. Mama aliuliza nini abjad. Binti yangu akachukua kalamu na karatasi, akamwandikia alifu, be, jim, dal, akamwonyesha hesabu zake. Mama alikosea. Akamrudia. Mama alikosea tena. Akamrudia mara ya tatu, wala sauti yake haikupanda hata kidogo. Nilinyamaza nikaendelea kutazama, lakini jicho langu moja lilikuwa kwao.

Sasa nafika mahali ambapo mchezo huu unataka hadhari. Ustadh Hamam, mtu wa makamo, anaanza kumpenda mwanafunzi wake. Mimi hapo nilikunja uso. Mwanafunzi ni amana, na mzazi anapomweka mtoto wake mbele ya mwalimu hampi kitu cha kutamani. Nilitaka kusema neno, lakini binti yangu alinitangulia. Alisema, "Baba, huyu hana haki." Nikamjibu kwamba amesema kweli. Akasema, "Lakini na tuone atafanya nini." Nikaona kwamba amenishinda kwa adabu, kwani hukumu haitolewi kabla ya kesi kwisha.

Binti wa Pasha naye moyo wake hauko kwa mwalimu. Ameushikisha kwa kijana mmoja wa mjini, na usiku mmoja anatoka nyumbani kwa siri, akimvuta mwalimu wake pamoja naye, mpaka katika kilabu cha usiku alipo kijana yule. Mwalimu masikini, na tarbushi yake, anaingia mahali asipopajua, palipo na dansi na ulevi. Na huko anatambua kwamba kijana yule hamtaki binti. Anataka mali ya babaye. Mwalimu anajaribu kumwokoa, anashindwa, anatupwa nje kama takataka. Anasimama njiani usiku, hana nguvu, hana fedha, hana jina. Ndipo anapomwona rubani wa ndege mwenye motokaa, anamsihi aingie ndani ajifanye kuwa mtoto wa ami yake binti yule ili amtoe. Rubani anakubali, naye anamtoa.

Basi tatizo moja likaondoka, jingine likaja. Kwani rubani ni kijana, ana heshima, na binti ameanza kumwangalia. Ustadh Hamam analiona hilo, nalo linamuuma. Anafanya hila za kitoto za kumtenga binti na rubani, na katika kukimbiakimbia huko wanaingia katika nyumba wasiyoijua, usiku wa manane. Kumbe ni nyumba ya Youssef Wahbi, mchezaji mkubwa wa majukwaa ya Misri, ambaye hapa anajicheza yeye mwenyewe. Na ndani ya nyumba hiyo yupo Mohamed Abdel Wahab na kundi zima la wapiga ala, wanaufanyia mazoezi wimbo mpya.

Wimbo huo jina lake ni Ashiq al-Ruh, maana yake mwenye kuipenda roho. Sitauandika hapa maneno yake. Yatosha kusema kwamba maana yake ni kupenda bila ya kumiliki, na kuutoa moyo pasipo kungoja malipo. Abdel Wahab anaimba, wapiga fidla wanapiga, na Ustadh Hamam amesimama anasikiliza. Hasemi neno. Macho yake yanajaa polepole, kisha machozi yanashuka. Mtu aliyetuchekesha kwa zaidi ya saa nzima sasa analia mbele yetu, nasi tunaona kwa uwazi kwamba amekata shauri. Binti yule si wake. Hakuwa wake tangu mwanzo. Atamwacha aende na rubani, naye mwenyewe atawabariki.

Chumbani mwetu palikuwa kimya. Mama yangu alikuwa ameshika ncha ya kanga yake. Wimbo ulipokwisha alisema neno moja tu: "Kairudisha amana." Binti yangu akanitazama. Nami nilijifanya nasafisha miwani.

Nikaona hapo kwamba kesi imekwisha, na mtuhumiwa ametoka safi. Mwalimu yule aliingia katika tamaa, kama anavyoweza kuingia mwanadamu yeyote, lakini aliitambua, akaishinda, wala hapakuwa na mtu wa kumlazimisha. Pasha ana jumba, rubani ana ndege, kijana wa kilabu ana hila. Ustadh Hamam hana kitu ila adabu yake, na katika wote hao yeye ndiye aliyetoa zaidi. Mchezo ulioanza kwa kumcheka mwalimu umemalizikia kwa kumheshimu, na aliyecheka mwanzoni ndiye anayelia mwishoni.

Na pana jambo jingine linaloyazidishia uzito machozi yale. Naguib al-Rihani alikufa tarehe 8 Juni 1949, na mchezo ukatolewa kwa watu katika Septemba ya mwaka huo huo. Yeye hakuuona. Watu wa Kairo walipokwenda kumcheka Ustadh Hamam, walikuwa wanamcheka mtu aliyekwisha zikwa, na walipofika katika wimbo ule wa mwisho walikuwa wakimwaga.

Ama Layla Murad, khabari zake zafaa zijulikane nyumbani mwetu, kwani wengi humsikia bila ya kujua kuwa ni yeye. Alizaliwa mwaka 1918 katika nyumba ya Mayahudi wa Misri, na babake, Zaki Murad, alikuwa mwimbaji mashuhuri. Aliingia katika sinema mwaka 1938 pamoja na huyo Mohamed Abdel Wahab. Akapendwa hata filamu zikawa zinapewa jina lake, Layla huyu na Layla yule. Katika miaka ya 1940 alisilimu. Mwaka 1952 zikazuka tetesi kwamba ameipa Israeli fedha, na nyimbo zake zikakatazwa katika Sham. Wakubwa wa Misri walichunguza wakaona kwamba hakuna kitu, ni uzushi. Msomaji na azingatie jinsi uvumi unavyoweza kumchafua mtu asiye na kosa, hata awe na sauti inayopendwa na mamilioni. Alipofika katikati ya miaka ya 1950 aliacha kucheza sinema, akakaa nyumbani kwake kimya mpaka alipokufa mwaka 1995.

Nilipokuwa nikimsimulia mama haya, alinikatiza akauliza, "Huyu si yule wa wimbo wa mahujaji?" Ni yeye. Ule wimbo wa kuwaaga wanaokwenda kumzuru Mtume wetu, Sala na Salamu zimshukie, ambao watu wa nchi nyingi huupiga kila msimu wa Hija, aliuimba Layla Murad katika filamu ya mwaka 1953, na muziki wake ni wa Riyad al-Sunbati. Mama yangu aliusikia mwaka ule aliposafiri marehemu baba kwenda kuhiji, akalia bandarini. Sauti iliyochezea abjad hawwaz katika jumba la Pasha ndiyo hiyo hiyo iliyowaliza mama zetu kwa shauku ya Madina.

Sasa, wasomaji wapenzi, najua baadhi yenu wataniuliza: Maalim, wewe unatwambia tuwaonyeshe watoto wetu sinema? Nitajibu bila ya kuficha. Katika mchezo huu yapo yasiyonipendeza. Kilabu cha usiku kimeonyeshwa kwa namna ambayo kijana aweza kukitamani kabla hajaona ubaya wake. Binti anatoka nyumbani usiku kumdanganya babaye, na mchezo unamsamehe upesi mno. Mavazi ni ya mabibi wa Kairo wa zama zile, si ya nyumba zetu. Na mambo ya ala na nyimbo, masheikh wetu wana kauli zao, nami si mtu wa kuwatangulia. Aliyejizuilia nazo, amejihifadhi.

Lakini nasema pia kwamba katika zama hizi mtoto hangoji baba amwonyeshe. Michezo imo mfukoni mwake, katika simu ya mkononi, naye huitazama peke yake chini ya shuka. Zamani shangazi walikwenda Majestic pamoja na vigori wao, wakarudi pamoja, na njiani wakanena: fulani alifanya vibaya, fulani alifanya vyema. Sinema ilikuwa ya kigeni, lakini mazungumzo ya njiani yalikuwa yetu. Leo tumebakiwa na sinema bila ya mazungumzo. Khasara kubwa iko hapo. Basi baba na aketi. Akikuta kicheko nyumbani mwake asikizime kabla ya kuuliza: mnamcheka nani, na kwa nini? Kwani mtoto anayemcheka mnyonge ana maradhi yanayotaka dawa, na mtoto anayemcheka mwenye kiburi ameanza kupata akili. Hutajua mtoto wako ni yupi katika hao ikiwa hukuketi naye.

Mimi ningeliizima televisheni usiku ule, ningelikuwa nimejikosesha jambo nililokuwa silioni kwa mwezi mzima. Nilikuwa nikimwambia binti yangu kwamba kazi yangu haina thamani, nami kila asubuhi naamka kwenda kuifanya. Mtoto alikuwa akiyaona matendo yangu, na mimi nikimtaka asikilize maneno yangu. Nilikuwa nikisema kama yule mtu wa jumba la Pasha, kwamba mtunza mbwa hupata zaidi. Ni kweli hupata zaidi. Lakini hakuna aliyelia kwa ajili yake.

Sisemi kwamba umaskini wa walimu ni jambo jema. Mzazi anayempa muosha motokaa zaidi ya anavyompa mwalimu wa wanawe na ajihesabu mwenyewe kabla hajahesabiwa. Adabu ya mwalimu isifanywe kisingizio cha kumnyima haki yake. Na binti yangu nimemwambia hayo yote, ili aingie akijua.

Kwani ameingia. Asubuhi ya pili yake, baada ya sala ya Alfajiri, nilimwita nikamwambia, "Jumamosi uje chuoni. Watoto wa ubao wa kwanza ni wako." Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na ikiwa watanicheka, Baba?" Nikamwambia watamcheka, hapana shaka, kwani mimi wamenicheka miaka 30, na baadhi yao leo ni mahakimu na mabaharia na mama wa watoto, na wakinikuta njiani huvua viatu.

Jumamosi ilipofika alikwenda. Nilikaa nyuma ya pazia na darasa langu la wakubwa, na sikio langu likiwa upande wa pili. Nilimsikia akianza, alifu, be, jim, dal. Mtoto mmoja akakosea, wenzake wakamcheka. Akamrudia, akamrudia tena, na mara ya tatu mtoto akapata.

Mama yangu anaendelea vyema, alhamdulillahi. Anazijua herufi mpaka lam, na kila jioni humngoja mjukuu wake arudi chuoni amwongezee mim.

Wabillahi tawfiq.